Mota Hazikukata

"Umeme umekata!"

Ndivyo nilivyopiga kelele, Jumamosi moja ya Agosti, saa saba kasoro mchana, kwenye uwanja wa nyasi nje kidogo ya Uyole, Mbeya. Dakota yangu, ndege ya mfano ninayoirusha kwa rimoti, ilikuwa kama mita 30 juu, inageuka kuja kutua. Ikainamisha bawa la kushoto kana kwamba inachungulia kitu chini, kisha ikajikunja na kushuka huku inazunguka. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Wa tatu haukupata nafasi.

Kelele yenyewe niliichagua vibaya. Nchi hii ukitangaza kwa sauti kwamba umeme umekata, watu wanaitikia kwa mazoea. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya viazi kichwani akajibu bila kusimama, "Hata kwetu, tangu asubuhi." Uwanja mzima ukacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa natembea kuelekea kwenye mabaki, na kabla sijafika nilishamjua mkosaji.

Alikuwa kijana fundi simu wa Mwanjelwa. Wiki ileile ndiye aliyenichomea waya mpya kwenye plagi ya betri.

Noti mbili

Jioni nilikwenda kwake na mabaki ndani ya kiroba. Kulikuwa na wateja watatu au wanne wamezunguka kimeza chake cha kioo. Nikaweka kiroba juu ya simu za watu, nikasema, "Angalia kazi yako."

Alichungulia ndani. Hakugusa kitu. Akafungua droo, akatoa noti ya elfu kumi na ya elfu tano, akanipa.

"Pole, ticha."

Nikazipokea.

Naandika haya mwishoni mwa Oktoba, na kati ya siku ile na leo hakuna wiki iliyopita bila zile noti mbili kunirudia. Mara nasahihisha madaftari, mara niko kwenye daladala, nakumbuka jinsi alivyofunga ile droo, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Ndege ilikuwa ya baba, kwa namna ya kusema. Yeye ndiye aliyenisimulia Dakota za East African Airways, enzi hizo kabla shirika halijavunjika mwaka 1977, zikitua kwenye uwanja wa zamani wa mjini na watoto wakikimbilia kwenye uzio. Nilitumia miezi saba kuijenga. Kipimo ni moja kwa 20, kwa hiyo mabawa yana upana wa mita 1.45 kutoka ncha hadi ncha. Kiwiliwili ni lile povu gumu jeupe linalokuja na televisheni mpya, mbavu ni njiti za mishikaki. Ribiti, zile nundu za misumari kwenye bati la ndege, nilizitia moja moja kwa tone la gundi nyeupe kwenye ncha ya kijiti cha meno. Usiku mwingine nilitia mia tatu, mke wangu akaja kuuliza kama kuna mtu anayelipa kwa kazi hiyo.

Wanaotuudhi

Mtu anayerusha ndege za namna hii anakuwa na orodha ya watu wa kulaumu kabla hajawa na ndege. Mimi yangu ni ndefu.

Yuko anayeuliza bei. Ndege iko hewani, macho yangu hayawezi kuiacha hata kwa kupepesa, yeye ananigusa bega: "Braza, hii kitu shilingi ngapi?" Yuko anayeuliza kama inabeba kamera, na ukimwambia haibebi anaondoka amekata tamaa kama umemnyima urithi. Yuko anayeniuliza kibali, na huyu sina neno naye. Tangu drone zienee kila kirukacho ni drone, kurusha bila ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ni kosa, na karatasi yangu natembea nayo mfukoni.

Yuko anayejitolea kukurushia kwa mkono. Unamwambia aisukume mbele, sawa na upeo wa macho. Yeye anaitupa juu kama anayeangua embe.

Watoto wa Uyole siwezi kuwaita kero, ingawa siku ile waliniwahi kwenye mabaki, na kila mmoja akarudi na kipande chake, huyu bawa, huyu mkia, huyu pua, wana fahari ya waokoaji. Sasa nani atanionyesha vipande vilikuwa vimelalaje?

Vifaa navyo vina visa vyake. Supa gluu ya kawaida inakula lile povu. Unatia tone ugundishe, unarudi unakuta shimo. Betri za lithiamu wasafirishaji wa anga wanaziogopa kwa sababu zinaweza kuwaka, kwa hiyo unasubiri miezi, na ikifika ukaisahau wiki tatu ikiwa imejaa chaji, inaanza kuvimba kama maandazi. Na panga (wenye vitabu wanaita rafadha) huvunjika moja la kushoto, ukaagiza, yakaja mawili ya kulia.

Halafu wapo wenzetu wenyewe, na hao ndio wabaya zaidi. Rafiki yangu mmoja wa Iringa aliiangalia Dakota yangu kwa dakika mbili nzima, miezi saba ya maisha yangu, akasema, "Mlango umeuweka upande usio wake."

Alikuwa sahihi, ndiyo maana iliuma. Nilinakili mchoro wa DC-3 (Dakota za kiraia) za mwanzo za Marekani, ambazo baadhi zilikuwa na mlango wa abiria kulia. Dakota nyingi zilizobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilijengwa kwa ajili ya jeshi, na mlango wao mkubwa wa mizigo uko kushoto. Nilijua hilo. Nilikuwa nimeshapaka rangi.

Lakini kwenye orodha yote hiyo, mtu mmoja aliniudhi siku ile kuliko wengine. Alikuwa jamaa wa simu. Alisimama katikati kabisa ya njia yangu ya kutua, anarekodi video, nikamfokea mara mbili asogee. Mkumbukeni, nitamrudia.

Mawimbi

Mzee mmoja tunayerusha naye, mstaafu, alijifunzia mchezo huu Uingereza alipokuwa masomoni. Anasema enzi zao rimoti zilitumia masafa ya megahezi 35, na kila rimoti ilikuwa na chaneli yake. Wawili wakiwasha chaneli moja, ndege iliyo juu inampoteza mwenyewe na kuanguka. Kwa hiyo uwanjani kulikuwa na ubao wenye vibanio, kila kibanio na namba ya chaneli. Huna kibanio mkononi, huwashi rimoti.

Siku hizi tunatumia gigahezi 2.4. Rimoti na risiva (kipokezi kilicho ndani ya ndege) zinatambuana zenyewe na kuhamahama masafa, mnaweza kuwa kumi uwanjani na hakuna atakayemgusa mwenzake. Shida ile imekwisha.

Kisingizio chake hakijaisha. Ndege ikianguka hadi leo mtu anatazama mbali, kuelekea mnara wa simu, anasema kwa sauti ya daktari: "Mawimbi."

Tunamcheka. Mimi hasa ndiye ninayemcheka. Miaka yote nimejivunia kwamba sijawahi kusema mawimbi.

Nilisema fundi.

Kilichonisumbua

Kuna kitu sikuwaambia wenzangu siku ile. Nilipopokea kipande cha mkia kutoka kwa mtoto, kilikuwa bado kinaning'inia kwa waya zake kwenye kiwiliwili. Rimoti ilikuwa shingoni. Kidole changu kikagusa, na usukani wa mkia ukacheza.

Ulicheza. Niliuona na niliusikia, ule mlio wa sevo, kimota kinachosogeza usukani, kama mbu.

Kwenye ndege yangu risiva na sevo vinakula betri ileile inayolisha mota. Waya ule ungekatika, kila kitu kingekufa pamoja. Hilo namfundisha kila anayeanza. Nililijua nikiwa nimesimama pale, nililijua nikiwa kwenye bajaji kwenda Mwanjelwa, na nililijua nikiwa nanyoosha mkono kupokea hela.

Sijui niliwezaje kulijua na kutolijua kwa wakati mmoja. Nadhani nililiweka kando, kama bili ambayo hutaki kuifungua.

Wiki ya pili ya Septemba nilifungua kiroba kuokoa mota. Ili kuzitoa ilibidi niachanishe plagi, ikagoma. Nikashika koleo, nikavuta kwa nguvu zote, goti juu ya meza. Kilichokatika ni waya wenyewe, sentimita mbili kutoka pale alipochomea. Pale alipochomea palikuwa pazima, panang'aa.

 

Nikaona nilaumu mlima

Mtu aliyenyang'anywa mkosaji mmoja hutafuta mwingine. Mimi nilipata mzuri, wa kisayansi. Hewa.

Dakota ilikuwa imeruka vizuri mara nne kabla ya hapo, zote huko chini Usangu, tambarare iliyo karibu mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Uyole tuko kama mita 1,800. Hewa yetu ni nyepesi, bawa linabeba kidogo, mapanga yanang'ata kidogo. Ilipendeza kuliko kumlaumu mtu: hakuna anayerudishiwa hela na mlima.

Nilifurahi sana kwa siku mbili. Kisha nikafanya kosa la kupiga hesabu.

Ukilinganisha na Dar kwenye joto la nyuzi 30, ni kweli: ndege ileile inahitaji kwenda kasi zaidi kwa takribani asilimia 9 ili isiachie hewa, yaani bawa lisiache kubeba, hapa Uyole. Lakini mimi sikutoka Dar. Nilitoka Usangu, na Usangu mchana kuna joto, na joto nalo linapunguza uzito wa hewa. Nikaweka nyuzi 30 kule na 20 huku. Kwa ndege yangu ya kilo 1.6, kasi ya chini kabisa ilitoka kama kilomita 42 kwa saa Usangu, na 43 Uyole.

Kilomita moja. Hata boda anayeendesha kwa adabu hawezi kuiona kwenye mshale.

Nilirudia hesabu mara tatu nikitumaini nimekosea.

Jamaa wa simu

Mwanzoni mwa Oktoba nilikutana naye Soko Matola, ananunua parachichi. Yeye ndiye aliyenitambua. "Wewe si wa ile ndege! Ile video bado ninayo, watoto nyumbani wanaiangalia kila siku." Akaitoa simu pale pale, kati ya mafungu ya nyanya.

Sikutaka kuangalia. Nikaangalia.

Picha yenyewe ilikuwa ovyo, inatikisika, ndege ni kidoa. Lakini sauti ilikuwa safi, kwa sababu alisimama pale pale nilipomkataza, chini kabisa ya njia. Mota mbili zinavuma vizuri, ndege inapita na upepo mgongoni. Halafu mlio unashuka. Unashuka tena. Kimya cha kama sekunde mbili. Ndipo inasikika sauti yangu, "Umeme umekata!" Na mara baada ya sauti yangu, huku ndege inazunguka kwenda chini, mota zinanguruma kwa nguvu zote mpaka ardhini.

Zilinguruma kwa sababu nilisukuma rimoti hadi mwisho. Zilinyamaza kwa sababu niliirudisha mimi.

Nilimwomba anirudishie nyuma. Akarudisha mara nne bila kuuliza kitu. Kisha akaninunulia parachichi, nadhani kwa sababu ya uso wangu.

Mwendo wa baiskeli

Wanaorusha watakuwa wameshaelewa. Kwa wengine nitajaribu kueleza, kwa sababu hapa ndipo ninapojikuta narudi kila usiku.

Agosti kwetu kuna upepo, na mchana ule ulikuwa kama kilomita 20 kwa saa. Ndege ikiwa na upepo mgongoni, kasi yake ndani ya hewa ni 55, lakini aliyesimama chini anaiona inapita kwa 75. Inaonekana inakimbia mno. Kidole kinataka kuipunguza. Ukiipunguza mpaka macho yako yaridhike, iende 60 juu ya nyasi, ndani ya hewa imebaki na 40, na ndege yangu chini ya 43 haibebeki. Ongeza kona. Ukiilaza nusu, nyuzi 45, inahitaji karibu moja ya tano zaidi, yaani 51. Na mabawa ya Dakota yamechongoka kuelekea nchani. Kwenye kipimo kidogo ncha ndizo huachia kwanza, na moja hutangulia nyingine. Hapo ndipo ile kuchungulia chini.

Yote hayo nayajua. Nimewafundisha watu: usipime kasi kwa kuangalia ardhi.

Basi kwa nini niliipunguza?

Jibu nililolipata silipendi. Niliipunguza ili ipendeze. Dakota halisi ilisafiri kwa kilomita kama 300 kwa saa. Gawanya kwa 20 upate 15, mwendo wa baiskeli. Hiyo ndiyo kasi ambayo jicho linaona ni ya kweli. Nilitaka iingie kwa madaha, nzito, kama baba alivyosimulia. Lakini hewa haijui vipimo vyetu. Unaweza kupunguza bawa mara 20, ribiti mara 20, mlango mara 20 (kulia au kushoto), hewa inabaki ileile ya ndege kubwa. Hata uzito ulikuwa umenionya. Dakota iliyojaa ilikuwa karibu kilo 11,400. Kwa kipimo changu unagawanya kwa 8,000 (20 mara 20 mara 20), inakuja kilo 1.4. Yangu ilikuwa 1.6. Gramu mia mbili za rangi na ribiti, ili ifanane.

Kulikuwa na watu wanaangalia. Kulikuwa na simu inarekodi. Huyo niliyemfokea asogee, kumbe nilikuwa namrushia yeye.

Mwanjelwa tena

Ilinichukua siku tisa kutoka Soko Matola hadi kwenye kile kimeza cha kioo, na ni mwendo wa nusu saa kwa mguu. Mara ya kwanza nilifika, nikakuta wateja, nikapitiliza hadi kwenye mitumba nikanunua soksi.

Mara ya pili alikuwa peke yake.

"Shikamoo, ticha."

"Marahaba." Nikaweka plagi juu ya kioo, na kile kipande cha waya. "Haikuwa kazi yako. Nilipunguza moto mwenyewe."

Hakuiangalia plagi. "Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Ulivyofungua kiroba niliiona, bado imeng'ang'ania."

"Sasa hela ulinipa ya nini?"

Akafikiri kidogo, bisibisi mkononi. "Ulikuwa unatetemeka, ticha. Na watu walikuwa wanaangalia."

Nikatoa elfu kumi na elfu tano. Akazihesabu, ingawa zilikuwa noti mbili tu, akafungua droo, akaziweka. Sikuwa na maneno mengine niliyoyaandaa. Nikatoa kwenye begi waya mpya na plagi mpya, za Dakota ya pili, nikaziweka mbele yake.

Akazigeuza kwenye mwanga.

"Hizi elfu ishirini na tano."

"Mbona ile ilikuwa kumi na tano?"

"Ile nilikuwa sijajua kwamba ndege ikianguka inaangukia hapa mezani."

Nikalipa.